Mwanachama wetu amekimbilia mahakama ya biashara: je, mafunzo ya kufilisika yatatufaa?

"Ninafuatilia mikopo katika COOPEC (chama cha akiba na mikopo) moja ndogo hapa Lubumbashi, Kongo. Gérant (msimamizi) wetu amepata mwaliko wa mafunzo ya siku tatu juu ya kufilisika, yaliyotayarishwa kwa wafanyakazi wa vyama vya akiba na mikopo. Siku mbili watafundisha Wamarekani kwa intaneti, siku ya tatu ni ya sheria ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara), hapahapa mjini. Pesa tuliyo nayo inatosha mtu mmoja. Wenzangu wananicheka. Wanasema kwetu hakuna mtu anayefilisika: mtu akishindwa kulipa anahamia Kolwezi au anavuka mpaka wa Kasumbalesa, basi, na sisi tunahitaji huissier (afisa anayekamata mali ya mdaiwa) mkali tu. Lakini tuna mwanachama mmoja anayeuza unga na mafuta ya kupikia kwa jumla katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Ana deni letu la dola 18,000. Mwezi uliopita alianza kuchelewa, tukamwomba atuongezee dhamana, akatia saini karatasi ya kuweka dhamana kamio (lori) lake na kutuachia carte rose (kadi ya gari). Livret de logeur (kijitabu cha makazi) ya lupango (kiwanja) lake tunayo tangu siku ya mkopo. Wiki hii tumesikia kwamba amepeleka karatasi mahakama ya biashara. Siku hiyohiyo gérant akafunga akiba yake, dola 2,300, na sasa anataka tuikate kwenye deni. Tumefanya vizuri? Na mafunzo hayo, niende, au ni sheria ya watu wengine?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, na lile la mwanachama wako lina saa inayokimbia. Mafunzo yanaweza kusubiri kidogo. Naomba kwanza umwambie gérant asikate hata dola moja ya ile akiba mpaka mjue kilichoandikwa huko mahakamani. Kuifunga kwa siku chache kunaweza kutetewa, ila kuikata kunaweza kuwagharimu kuliko hizo dola 2,300 zenyewe. Nitakueleza sababu, lakini tuanze na wenzako wanaocheka, maana wanachosema ndicho kinachozipotezea COOPEC nyingi pesa.

Si kweli kwamba kwetu hakuna mtu anayefilisika. Kongo imo katika OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na kuanzia siku hiyo sheria ya pamoja ya kushughulikia madeni ya biashara zilizokwama ni sheria yetu. Sheria hiyo ilipitishwa tarehe 10 Aprili 1998, ikafanyiwa marekebisho makubwa Grand-Bassam, Côte d'Ivoire, tarehe 10 Septemba 2015, na sura yake mpya inatumika tangu tarehe 24 Desemba 2015. Haiwahusu wenye makampuni makubwa peke yao. Mfanyabiashara wa soko la Kenya, fundi wa mbao wa Katuba, mkulima wa mboga anayeuza kwa jumla, daktari mwenye kliniki yake, wote wanaweza kuitumia, maana marekebisho ya 2015 yaliingiza kila mtu anayefanya kazi yake mwenyewe kwa kujitegemea. Wenye biashara ndogo wamewekewa hata njia nyepesi: wasiozidi wafanyakazi 20 na mauzo yasiyozidi milioni 50 za franka CFA kwa mwaka. Mwanachama wako huenda yumo humo.

Asiyehusika ni mtu wa mshahara. Mwalimu aliyekopa kwenu ili amalize nyumba, au mfanyakazi wa mgodi aliyekopa kwa ajili ya harusi ya binti yake, hawezi kwenda mahakama ya biashara kutangaza kwamba amefilisika. Deni lake linabaki naye. Hakimu anaweza kumpa muda, mshahara wake unaweza kukamatwa kwa utaratibu, lakini hakuna mlango wa kisheria unaomfutia deni. Shika sana tofauti hii, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ni nusu gani ya mafunzo inakufaa. Kabla ya kujiandikisha, kaa na orodha ya mikopo yenu uhesabu: wangapi ni watu wa biashara na wangapi ni watu wa mshahara? Kama COOPEC yenu inakopesha walimu na watumishi wa serikali karibu peke yao, ushauri wangu ungekuwa mwingine kabisa.

Tuje kwenye utaratibu wenyewe. Watu huuona kama ujanja wa mdaiwa kujificha nyuma ya hakimu. Wajanja wapo, na sheria ina adhabu zao, hata za jinai. Lakini fikiria duka la mwanachama wako. Anadaiwa na ninyi. Anadaiwa na muuzaji wa unga wa ng'ambo ya mpaka, na mwenye depo, na vijana wake wawili ambao hajawalipa miezi, na kodi ya serikali. Kila mmoja akituma huissier wake, wa kwanza kufika atachukua kamio. Bila kamio hakuna unga, bila unga hakuna mauzo, na waliobaki wanagawana meza na mzani. Ndiyo maana sheria inawasimamisha wadai wote kwa pamoja, inamweka mtu mmoja kuangalia hesabu, kisha inauliza swali moja: biashara hii ikiachwa ipumue, italipa zaidi ya mali yake ikiuzwa leo? Huyo huissier mkali wanaomtaka wenzako ana kazi yake, na kazi yenyewe hufanyika mapema. Mahakama ikishafungua utaratibu, akipeleka karatasi zake zitarudishwa.

Njia ziko nne, na jambo la kwanza kujua ni mwanachama wako amechukua ipi. Upo usuluhishi, ambao hufanyika kwa siri kati ya mdaiwa na wadai wake wakubwa, kwa miezi mitatu inayoweza kuongezwa mmoja. Upo mpango wa kuzuia, wa mtu ambaye bado analipa lakini anaona shimo mbele yake. Hapo hakimu anaweza kuwazuia wadai kwa miezi mitatu, na tena kuongeza mmoja. Upo utaratibu wa kuinua biashara chini ya mahakama, wa mtu ambaye tayari ameshindwa kulipa lakini biashara yake bado ina uhai. Na upo ufilisi wenyewe, mali inauzwa na wadai wanagawana.

Kinachotenganisha njia mbili za kwanza na mbili za mwisho ni kusitisha malipo. Hapa hata watu wa benki hukosea. Kusitisha malipo maana yake mtu hawezi kulipa madeni yaliyofika siku yake kwa kutumia mali aliyo nayo mkononi. Mali aliyo nayo mkononi ni pesa, au kitu kinachogeuka pesa mara moja. Lubumbashi tunaliona hili kila siku kwa wenye makampuni madogo wanaofanyia migodi kazi: mtu ana fakta ya dola 60,000 iliyokubaliwa, haijalipwa, na wiki hii hana ya kuwalipa vijana wake. Ni tajiri kwenye karatasi, lakini kama hakuna mdai aliyempa muda wala benki ya kumsogeza, mbele ya sheria amesitisha malipo, na ana siku 30 za kwenda kujitangaza mahakamani. Anayekwenda ndani ya siku hizo ametimiza wajibu wake. Usimhesabu mwizi kwa sababu ametii sheria.

Kwa hiyo kesho asubuhi mmoja wenu aende kwa karani wa mahakama ya biashara na maswali mawili: ameomba nini, na je, hakimu ameshatoa uamuzi? Swali la pili lina uzito, na ni hapo mafunzo ya Wamarekani yanapoweza kukupoteza. Kwao kizuizi cha kuwasimamisha wadai kinaanza dakika ileile mdaiwa anapopeleka karatasi, hakuna haja ya hakimu kusema lolote. Watakurudia hilo siku zote mbili, maana mfanyakazi wao akipiga simu ya kudai baada ya dakika hiyo ameshavunja sheria. Kwetu karatasi ya mdaiwa peke yake haiwasimamishi wadai. Kinachowasimamisha ni uamuzi wa mahakama. Ukijua hilo hutaacha haki yako kwa woga, wala hutaendelea kukamata mali wakati uamuzi umetoka wiki iliyopita na ninyi hamna habari.

Akiba sasa. Yako mambo mawili ambayo gérant wako ameyachanganya. Kuifunga ni kumwambia mwanachama: ngoja kidogo, tuone haki ya kila mmoja. Kuikata ni kujilipa. Uamuzi wa mahakama ukishatoka, madeni ya zamani hayalipwi tena nje ya utaratibu, na COOPEC inayojilipa kutoka kwenye akiba ya mwanachama imejipendelea mbele ya wadai wengine. Mfilisi, yule ambaye hati za mahakama zinamwita syndic, anaweza kuidai pesa hiyo irudi. Tofauti hii ya kufunga na kukata hata Wamarekani iliwasumbua mpaka mahakama yao kuu ikaitolea uamuzi mwaka 1995, katika kesi ya Citizens Bank of Maryland dhidi ya Strumpf: benki inaweza kuishikilia pesa kwa muda huku ikiomba ruhusa, na kuishikilia hivyo si kuvunja kizuizi. Uamuzi huo si sheria yetu na usiutaje mbele ya hakimu wa Lubumbashi. Chukua akili yake tu: shikilia, andika barua inayoeleza kwa nini, omba, ngoja.

Kisha fungua mkataba wa mkopo. Kama zile dola 2,300 ziliwekwa tangu siku ya kwanza kama akiba ya dhamana, na mkataba unasema hivyo kwa maneno yaliyo wazi, mna hoja nzuri. Kama ni akiba yake ya kawaida, ya kuweka na kutoa, hoja yenu ni dhaifu zaidi. Hisa zake za uanachama ziache pembeni. Hizo zina masharti yake katika statuti zenu.

Sasa kamio. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu mlichofanya mwezi uliopita COOPEC karibu zote hukifanya. Mwanachama anachelewa, tunamwita ofisini, tunamwambia atuongezee dhamana, naye kwa aibu au kwa woga anatia saini. Tunarudi kwenye meza zetu tumetulia. Lakini mahakama inapofungua utaratibu wa kuinua biashara au wa ufilisi, hutaja siku ambayo mtu alisitisha malipo, na siku hiyo inaweza kurudi nyuma hadi miezi 18 kabla ya uamuzi. Muda ulio kati ya siku hiyo na uamuzi unaitwa muda wa mashaka. Na sheria inasema waziwazi kwamba dhamana ya mali iliyotolewa ndani ya muda huo ili kulinda deni la zamani haina nguvu mbele ya wadai wengine, isipokuwa imechukua nafasi ya dhamana iliyokuwepo. Mkopo wenu ni wa zamani, dhamana ni ya mwezi uliopita, na tayari alikuwa anachelewa. Ikithibitika kwamba wakati huo alikuwa amesitisha malipo, ile karatasi itaanguka.

Hata kama isingeanguka kwa sababu hiyo, niambie: mliisajili? Dhamana ya kitu ambacho mdaiwa anaendelea kukitumia, kama kamio, inapata nguvu kwa wadai wengine siku inapoandikwa katika daftari la biashara na dhamana, RCCM. Carte rose iliyofungiwa katika droo ya gérant inamzuia mwenye kamio asiliuze kirahisi, hilo ni kweli, lakini mbele ya mfilisi haiwapi nafasi ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa livret de logeur. Rehani ya nyumba hujengwa juu ya certificat d'enregistrement (hati ya umiliki), na huandikwa kwa conservateur wa hati za ardhi. Livret inaonyesha kwamba mtu anakaa mahali fulani na kwamba alimwamini mkopeshaji wake. Kwa nafasi yenu katika orodha ya wadai, haiongezi kitu. Najua ni vigumu kusikia hivyo mtu akiwa na droo imejaa livret. Lakini ni afadhali uisikie kwangu leo kuliko kwa mfilisi baada ya miezi sita, na mikopo ya kesho bado unaweza kuiandika vizuri.

Njia iliyobaki ambayo haiwezi kuwapita bila ninyi wenyewe kuiacha ni kupeleka dai lenu. Utaratibu wa kuinua biashara au wa ufilisi ukifunguliwa, unatangazwa, na wadai wana siku 60 kuanzia tangazo la gazetini kumpelekea mfilisi madai yao. Anayekaa nje ya nchi ana 90. Mdai mwenye dhamana iliyosajiliwa huarifiwa yeye binafsi. Asiye na dhamana iliyosajiliwa asitegemee barua, ajisomee gazetini, na akikosa kusoma, hasara inaweza kuwa yake. Umeona jinsi mambo haya yanavyoshikana? Kutosajili kunakunyima nafasi ya mbele, kisha kunaweza kukunyima hata barua ya kukuambia saa imeanza. COOPEC nyingi zinapoteza pesa hapa, kwenye hizi siku 60, wakati mtu wa kufuatilia mikopo bado anampigia mwanachama simu na kumtafuta kwa shemeji yake Kasumbalesa. Aliyechelewa anaweza kumwomba hakimu amfungulie, lakini atalazimika kuonyesha kwamba kuchelewa hakukuwa kosa lake, na "hatukusoma gazeti" ni jibu dhaifu.

Dai lenyewe si gumu kuliandika. Weka deni lililobaki siku ya uamuzi, ukitenganisha mtaji, riba na faini. Weka mkataba, ratiba ya malipo, hesabu ya alicholipa, na kila karatasi ya dhamana hata ile unayoihofia. Usifiche dhamana ya mwezi uliopita. Itaje na tarehe yake halisi. Riba nayo angalia: kwa kawaida uamuzi unasimamisha kuongezeka kwake, ila mikopo ya mwaka mmoja au zaidi ina hesabu yake, kwa hiyo urefu wa mkopo uonekane. Na kama kuna mdhamini aliyetia saini, mwandike pia; lini mnaweza kumdai yeye inategemea ni njia ipi iliyofunguliwa, na hilo mwachie wakili.

Sasa naweza kujibu swali la mafunzo. Nenda, lakini usiende kwa ajili ya siku zote tatu kwa uzito sawa.

Siku ya OHADA ni ya kwako wewe hasa. Kama malipo yanaweza kugawanywa, ilipie hiyo kwanza. Nenda na dosia tatu zilizokwisha, umefuta majina, na umwombe mwalimu aonyeshe kwa tarehe mahali mlipoteleza. Muulize jinsi mahakama ya Lubumbashi inavyotangaza uamuzi na katika gazeti lipi, ili mjue cha kusoma. Muulize pia jinsi ya kuomba kuwa mkaguzi wa wadai, nafasi ambayo mdai yeyote anaweza kuiomba, haina mshahara, lakini inakuweka karibu na hesabu za mfilisi. Na muulize kuhusu sheria ya kukusanya madeni na kukamata mali, maana imefanyiwa marekebisho na kupitishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, inatumika tangu Februari 2024, na bado kuna ofisi zinazoandika barua kwa kunakili mifano ya zamani.

Siku mbili za Marekani zina faida ya aina nyingine. Sheria yao ya kufilisika, ile ya 1978, kazi yake kubwa ni watu wa kawaida: Sura ya 7 ya mtu anayeuza alicho nacho na kusamehewa yaliyobaki, na Sura ya 13 ya mwenye kipato anayelipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Kwetu hayo hayapo kwa mtu wa mshahara, kama nilivyosema. Kwa hiyo usijisumbue kukariri siku zao 70 za kupeleka dai, wala ile hati ambayo mwanachama anaisaini ili abaki na gari na deni lake. Ukirudi na hizo kichwani utachanganya 70 na 60, na siku hizo kumi zinaweza kuwazika.

Unachoweza kujifunza kwao ni nidhamu ya ofisi. Katika chama cha akiba cha Marekani, taarifa ya kufilisika ikiingia ina mtu wake. Siku hiyohiyo simu za kudai zinasimama, barua za mashine zinazimwa, akaunti inawekewa alama, tarehe inaandikwa kwenye kalenda, na dosia inaondoka kwa mtu wa mikopo kwenda kwa mtu mmoja anayejua utaratibu. Kwenu taarifa ya mwanachama huyu iliwafikia kama maneno ya sokoni, na hatua ya kwanza ikawa hasira ya gérant. Tofauti hiyo inafupishwa kwa ukurasa mmoja wa maelekezo na kalenda ukutani. Jambo jingine la kusikiliza ni namna wanavyozungumza na mwanachama aliyeshindwa. Wao na sisi tuna hali moja ambayo benki hazina: mdaiwa wetu ni mwenye chama. Ana kura katika mkutano mkuu, na huenda jirani zake wameingia kwa sababu yake.

Angalia pia saa. Darasa la saa tatu asubuhi New York kwetu ni saa tisa au saa kumi alasiri, kulingana na msimu wao, na linaweza kuendelea mpaka usiku, saa ambazo umeme wa SNEL unapenda kutuacha. Hakikisha ofisi ina betri au jenereta, na uulize mapema kama masomo yanarekodiwa na kama kuna mkalimani wa Kifaransa. Kama hakuna hata kimoja, na Kiingereza chako si cha kufuatilia hakimu anayezungumza haraka, sitakushauri ulipie siku hizo mbili.

Zipo njia nyingine. Shule ya OHADA ya mahakimu na wanasheria, ERSUMA, iliyoko Porto-Novo, Benin, hutoa mafunzo katika sheria hizi hizi na kwa Kifaransa. Au mwombe wakili wa Lubumbashi anayefanya kesi za biashara aje ofisini kwenu Jumamosi moja, afundishe wote: gérant, keshia, watu wa mikopo, na wajumbe wa kamati. Kwa COOPEC ndogo mimi huona hiyo ina faida kuliko mtu mmoja kwenda mbali, kwa sababu keshia ndiye atakayempa mwanachama akiba yake kimakosa, na keshia hatakuwa kwenye mafunzo. Vyovyote mtakavyoamua, aende anayeshika dosia. Gérant mkimtuma yeye, cheti kitatundikwa ukutani na dosia zitabaki zilivyo.

Na kama pesa ile ni moja tu, ya mafunzo au ya wakili kwa dosia hii ya dola 18,000, mlipeni wakili. Nasema hivyo mimi ninayependa mafunzo.

Kuna neno moja juu ya mwanachama mwenyewe. Msimtaje kwa jina katika mkutano wala kanisani, na msimzuie mlangoni. Wale wanaomuuzia unga wakisikia, hawatamkopesha tena hata mfuko mmoja, na biashara ambayo ingewalipa itakufa mikononi mwenu. Mwiteni kwa heshima, akiwa na wakili wake akitaka, mumuulize mpango wake. Kama bado yuko kwenye usuluhishi au mpango wa kuzuia, sauti yenu kama mdai ina nguvu sasa kuliko itakavyokuwa baadaye: mnaweza kukubali kurefusha muda, au kupunguza faini, kwa sharti la kuona mauzo yake kila wiki. Mdai anayekuja mezani na pendekezo husikilizwa.

Usingoje mafunzo, wala usingoje jibu jingine kutoka kwangu, ikiwa karani atakuambia uamuzi umeshatoka. Au ukikuta tangazo lilichapishwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Au gérant ameshaikata akiba. Au mfilisi amewaandikia kuhusu kamio. Katika hali hizo mmoja wenu akae ana kwa ana na wakili wiki hii hii. Na kama kupotea kwa deni hili kutaitikisa COOPEC yenyewe, msilifiche kwenye hesabu: kamati ijulishwe, deni liwekewe akiba ya hasara kama Banki Kuu inavyotaka, na mzungumze na ofisi yake ya Lubumbashi mapema. Chama cha akiba kinachoyumba kinaangaliwa kwanza na Banki Kuu, kwa kanuni zake, na wasimamizi wanaojitokeza wenyewe hubaki na nafasi ya kupanga.

Kwa wakili peleka mkataba wa mkopo, ratiba, taarifa ya akaunti mpaka leo, karatasi ya kamio yenye tarehe yake, nakala ya livret, barua zote mlizomwandikia mwanachama, na kile karani atakachowapa. Vipange kwa tarehe, la zamani juu. Ataanza kuuliza hapo hapo.